Neno "Nyeupe" na Historia ya Kupima Rangi ya Mwanga wa Taa za Tyubu

Mnunuzi anayechagua kanga dukani chini ya taa za tyubu, kisha akatoka nayo barazani kuitazama juani kabla ya kutoa fedha zake, anafanya jambo ambalo sayansi ya mwanga ilichukua miaka mingi kulipatia jina na kipimo. Taa iliyo darini ni nyeupe. Mwanga wa jua nao, kwa mazoea ya usemi, ni mweupe. Walakini wekundu wa pindo la kanga hauwi ule ule katika mahali hapo pawili: ndani ya duka umefifia na kuelekea kahawia, nje unawaka. Mwenye duka hakudanganya, wala macho ya mnunuzi hayana kasoro. Kinachopotosha ni neno "nyeupe", ambalo limebebeshwa maana mbili kwa wakati mmoja, yaani rangi ya mwanga wenyewe, na uwezo wa mwanga huo wa kuzidhihirisha rangi za vitu vingine.

Makala haya yanafuatilia jinsi maana hizo mbili zilivyokuja kutenganishwa na wapimaji wa mwanga, na yanashikilia kwamba kila tarakimu iliyopatikana katika kazi hiyo imehifadhi ndani yake uamuzi wa macho ya watu wachache, mahali maalumu, chini ya anga maalumu. Jambo hili halikosi kuwahusu wanaisimu. Istilahi zake zinahitaji kutafsiriwa kwa Kiswahili, na mara nyingi hutafsiriwa vibaya. Tena, kadi za rangi zilizotumiwa kuchunguza msamiati wa rangi wa lugha za ulimwengu, Kiswahili kikiwa mojawapo, zilipewa vipimo vyake chini ya mwanga wa namna moja tu.

Moto na kelvini

Kabla ya kuzuka kwa taa za tyubu, takriban kila mwanga aliouwasha binadamu ulitokana na kitu kilichopashwa moto: kuni, utambi wa mafuta, mshumaa, na tangu mwisho wa karne ya 19 uzi wa balbu ya umeme. Jua lenyewe li katika kundi hilo. Kitu kinachopashwa moto hufuata njia moja katika kubadilika kwake. Kwanza huiva kwa wekundu, kisha hupata rangi ya chungwa, kisha manjano, kisha nyeupe, na joto likizidi mno huelekea samawati. Mhunzi aliye mbele ya mivukuto yake anaifahamu njia hii bila ya kitabu, kwani kwa rangi ya chuma ndipo hujua kama wakati wa kupiga nyundo umewadia. Max Planck alipotoa kanuni yake mwaka 1900, ikawa rangi ya mwanga wa namna hii yaweza kutajwa kwa tarakimu moja tu, nayo ni joto la kitu cheusi kikamilifu ambacho kingetoa mwanga wa rangi hiyo, likihesabiwa kwa kelvini. Mshumaa u karibu na kelvini 1,900, balbu ya uzi wa tangsteni ni kati ya 2,700 na 2,900, na mwanga wa mchana chini ya anga la mawingu hukadiriwa kuwa 6,500 hivi.

Hapa ndipo ulipoanzia mkanganyo ambao hadi leo haujatatuliwa. Mwanga wenye kelvini chache, ulio wa manjano, huitwa na wauza taa wa Ulaya na Marekani mwanga "wa joto", na ule wenye kelvini nyingi, unaoelekea samawati, huitwa mwanga "baridi". Tarakimu inapanda ilhali jina linapoa. Sababu yake ni kwamba jina lilitoka sebuleni, penye moto wa kuota ndani na theluji nje ya dirisha, na tarakimu ikatoka katika tanuri la maabara. Kiswahili kina njia yake ya kuzieleza hali za rangi: rangi hukoza, hufifia, hupauka, huchujuka, huwaka. Msemaji akisema rangi "imepoa", maana yake haichangamki, wala hadokezi kwamba inaelekea samawati. Basi mtafsiri anayeandika "nyeupe baridi" juu ya kasha la taa huwa ametafsiri majira ya baridi ya nchi za kaskazini, na msomaji wa Mombasa au Kisumu hupata maneno mawili ambayo kila moja analijua lakini pamoja hayamwambii kitu.

Watazamaji 17

Kipimo cha kelvini kilitosha maadamu mwanga wote ulitoka motoni. Kwa rangi nyinginezo ilihitajika njia pana zaidi, na msingi wake ulikwisha kuwekwa na James Clerk Maxwell katika karne ya 19, alipoonyesha kwamba takriban rangi yoyote yaweza kufananishwa na mchanganyiko wa mianga mitatu. Kazi ya kulipatia wazo hilo vipimo kamili ilifanywa Uingereza na watu wawili, kila mmoja kwa upande wake. W. David Wright, katika Chuo cha Imperial mjini London, alitumia watazamaji 10. John Guild, katika Maabara ya Taifa ya Fizikia huko Teddington, alitumia 7.

Utaratibu wao unastahili kuelezwa, maana ndani yake mna jambo la kumshughulisha mwanaisimu. Mtazamaji alichungulia katika tundu na kuona duara dogo lililogawanyika nusu kwa nusu. Upande mmoja uliangazwa kwa mwanga wa rangi moja safi iliyochujwa kutoka kwenye spektra, na upande wa pili kwa mchanganyiko wa mianga mitatu, mwekundu, wa kijani na wa samawati, ambayo mtazamaji aliweza kuikuza na kuipunguza. Kazi yake ilikuwa kuirekebisha mpaka mpaka uliozigawa zile nusu mbili utoweke. Hakuulizwa jina la rangi aliyoiona. Hakuulizwa kama inampendeza, wala inafanana na kitu gani. Aliulizwa tu kama nusu mbili zinalingana au hazilingani. Hivyo elimu ya kupima rangi ilianza kwa kuiweka lugha nje ya mlango, na huko ndiko kulikoipa nguvu: watu wasioelewana hata kidogo kuhusu mahali kijani kinapoishia na samawati inapoanzia huweza kukubaliana kwamba nusu mbili za duara zimelingana.

Mnamo Septemba 1931 Tume ya Kimataifa ya Mwangaza, iliyoundwa mwaka 1913 na ijulikanayo kwa herufi za jina lake la Kifaransa, CIE, ilikutana Cambridge na kuyapitisha matokeo ya Wright na Guild yakiwa wastani mmoja. Wastani huo uliitwa mtazamaji wa kawaida. Ni watu 17 kwa jumla, wakitazama duara lisilozidi upana wa ukucha wa kidole gumba kwa mkono ulionyooshwa. Mwaka 1964 aliongezwa mtazamaji wa pili wa kawaida, kwa duara kubwa zaidi, akitegemea vipimo vya Stiles na Burch nchini Uingereza, waliokuwa na watazamaji 49, na vya Speranskaya.

Si haki kuwalaumu watu hao kwa uchache wao. Macho yenye afya hayapishani sana kwa taifa. Hupishana zaidi kwa umri, kwa kuwa lenzi ya jicho huzidi kuwa ya manjano kadiri mtu anavyozeeka. Hata hivyo inafaa ikumbukwe kwamba kila tarakimu ya rangi inayotajwa leo, kuanzia rangi ya bendera hadi ya risiti ya kiwanda cha rangi za nyumba, hupitia macho yale.

Mwanga usiotoka motoni

Taa ya tyubu ilikuja kuyavuruga haya yote. Edmund Germer, pamoja na Friedrich Meyer na Hans Spanner, waliomba hataza yao Ujerumani mwaka 1926. Nchini Marekani kampuni ya General Electric ilianza kuuza taa hizo mwaka 1938, na mwaka uliofuata umma ulizishangilia katika maonyesho makubwa ya New York na San Francisco. Ndani ya mrija wa kioo mna mvuke haba wa zebaki. Umeme ukipita humo, zebaki hutoa mionzi ya urujuanimno, iliyo mingi zaidi katika urefu wa wimbi wa nanometa 254, ambayo jicho haliioni. Unga uliopakwa upande wa ndani wa kioo huimeza mionzi hiyo na kuitoa tena ikiwa mwanga unaoonekana.

Tabia hii ya kumeza mionzi isiyoonekana na kutoa inayoonekana ilielezwa na kupewa jina na George Gabriel Stokes mwaka 1852, naye jina alilitoa katika madini ya floraiti yaliyokuwa na tabia hiyo. Miongoni mwa vitu alivyovichunguza ni manjano, kile kiungo cha pilau na mchuzi, kwani nayo hung'aa inapopigwa na mionzi ya urujuanimno. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa nzuri, kwamba kitu hicho hicho ndicho kilichoipa lugha ya Kiswahili jina la rangi.

Unga wa kwanza ulikuwa na beriliamu, madini yenye sumu iliyowadhuru wafanyakazi wa viwandani, na viwanda vya Marekani viliuacha mwaka 1949. Nafasi yake ilichukuliwa na unga wa halofosfeti ya kalsiamu, uliogunduliwa mwaka 1942 na A. H. McKeag na P. W. Ranby katika maabara ya kampuni ya GEC huko Wembley. Unga huu ulitiwa antimoni kidogo na manganizi kidogo. Antimoni ilitoa mwanga wa kuelekea samawati, manganizi ikatoa wa kuelekea chungwa, na kwa kubadili kiasi cha hayo mawili fundi aliweza kutengeneza "nyeupe" ya namna aitakayo. Majina yakazaliwa kwa wingi: nyeupe ya joto, nyeupe baridi, mwanga wa mchana.

Lakini weupe huo ulikuwa wa mseto. Spektra ya jua na ya balbu ya uzi haina pengo. Ya tyubu ina miiba ya zebaki, mikali katika nanometa 436 na 546, na mabonde mapana, hususa upande wa wekundu uliokoza. Mezani, juu ya karatasi tupu, tyubu na mwanga wa mchana huweza kulingana kabisa. Mfumo wa 1931 ukiulizwa hutoa jibu kwamba rangi zao ni moja. Weka kanga mahali pa karatasi, na udugu wao unakwisha, kwa kuwa rangi nyekundu ya kanga yategemea kurudisha wekundu ulioletewa, na tyubu haikuleta mwingi. Mfumo wa 1931 haukukosea. Uliulizwa kama nusu mbili za duara zinalingana, nao ukajibu hilo tu. Kwa mara ya kwanza ilibidi watu waseme waziwazi kwamba rangi ya taa na rangi zinazoonekana chini ya taa ni mambo mawili.

Jicho la mtu mmoja

Viwandani lilizuka swali jingine: tyubu mbili zikitofautiana kidogo, ni tofauti ya kiasi gani itakayoonekana darini? Jibu lililoshikwa lilitoka katika kazi ya David MacAdam wa kampuni ya Eastman Kodak, Rochester, iliyochapishwa mwaka 1942. MacAdam alichukua rangi 25, akamwomba mtazamaji azifananishe tena na tena, zaidi ya mara 25,000 kwa jumla, kisha akachora kuzunguka kila rangi duaradufu iliyoonyesha jinsi ufananishaji ulivyotawanyika. Takriban kazi yote hiyo ilifanywa na mtazamaji mmoja, anayetajwa katika maandishi kwa herufi za jina lake, P.G.N. Tangu hapo uvumilivu wa rangi za tyubu umehesabiwa kwa hatua za duaradufu hizo, na viwango vya kimataifa huziruhusu taa za aina moja zitofautiane kwa hatua kadhaa tu. Kwa hiyo tyubu ikikataliwa na mkaguzi wa kiwanda mahali popote ulimwenguni, nyuma ya hukumu hiyo yupo mtu mmoja aliyeketi Rochester akigeuza kirekebishi. Kazi yake ilikuwa ya subira kubwa, na wapimaji waliomfuata waliona kwamba kwa kiasi fulani macho yake yanawakilisha ya wengi. Bado ni mtu mmoja.

Mwaka 1941 A. A. Kruithof wa maabara ya Philips huko Eindhoven alikuwa amechapisha mchoro uliodai kwamba mwanga hafifu hupendeza ukiwa wa manjano, na mwanga mwingi hupendeza ukielekea samawati. Maelezo ya majaribio yake yalikuwa machache mno, na uchunguzi wa baadaye haukumuunga mkono ipasavyo. Mchoro wenyewe uliendelea kunakiliwa katika vitabu vya mafundi kwa miongo mingi, kama vile methali isiyodaiwa ushahidi.

Kielezo cha uonyeshaji rangi

Hatimaye kilihitajika kipimo cha jambo la pili, yaani uaminifu wa taa kwa rangi za vitu. P. J. Bouma, naye wa Philips, alipendekeza mwaka 1937 kuigawa spektra katika sehemu nane na kulinganisha kiasi cha mwanga kilichomo katika kila sehemu, na mwaka 1948 CIE ilipendekeza njia ya namna hiyo. Njia hiyo iliutazama mwanga bila ya kuvitazama vitu. Mwaka 1965 CIE ilibadili mkondo, ikapitisha kile kiitwacho hapa kielezo cha uonyeshaji rangi, na mwaka 1974 ikakirekebisha katika umbo ambalo kwa sehemu kubwa limedumu.

Huchukuliwa sampuli nane za rangi kutoka katika mfumo wa Munsell, zote za wastani, zisizokoza sana. Hukokotolewa jinsi kila moja itakavyoonekana chini ya taa inayopimwa, na jinsi itakavyoonekana chini ya mwanga wa rejea. Tofauti huwekwa wastani na kutolewa katika 100. Alama 100 maana yake taa haina tofauti na mwanga wa rejea. Zipo sampuli nyingine sita, kuanzia ya 9 hadi ya 14, lakini hizo haziingii katika wastani.

Kila kipengele cha utaratibu huu ni uamuzi wa mtu, na uamuzi wa kwanza ni ule wa ngazi yenyewe. Kizidisho cha hesabu kilichaguliwa ili tyubu ya halofosfeti iliyojulikana kama nyeupe ya joto ipate alama karibu na nusu, nayo ikapata 51. Hii si mizani iliyoshuka kutoka mbinguni. Ni mizani iliyowekewa jiwe lake kwa taa ya dukani ya enzi zile.

Tena mwanga wa rejea hubadilika kwa kufuata taa. Chini ya kelvini 5,000 rejea ni kile kitu cheusi cha Planck, na kuanzia hapo kwenda juu ni mwanga wa mchana. Kwa ajili hiyo balbu ya uzi wa tangsteni hupata takriban 100, kwa sababu imelinganishwa na mfano wake mwenyewe, ijapokuwa kila aliyechagua nguo chini yake alfajiri anajua kwamba ni vigumu kuitambua samawati iliyokoza na nyeusi. Kwa upande mwingine taa za sodiamu za shinikizo dogo, zile za barabarani zenye mwanga wa manjano mtupu, hupata alama zilizo chini ya sifuri.

Na huo mwanga wa mchana ni wa wapi? Judd, MacAdam na Wyszecki walipouchapisha mwaka 1964 walitegemea vipimo 622 vilivyochukuliwa Rochester katika jimbo la New York, Ottawa nchini Kanada, na Enfield nchini Uingereza. Vyote vilitoka kaskazini ya mbali ya tropiki. Baadaye watu walipima anga la Pretoria, na la Delhi pia, lakini mwanga wa rejea ulikwisha kuwekwa. Mwanga wa kelvini 6,500, unaoandikwa D65, ndio ulioitwa mwanga wa mchana wa wastani. Neno "wastani" limefichwa humo bila ya kuulizwa ni wastani wa nini, na jua la utosini la Ikweta halikuhesabiwa.

Sampuli ya 9 ni nyekundu iliyokoza, yaani ndiyo ile ya kanga. Kwa kuwa haimo katika zile nane, tyubu iliweza kupata alama ya wastani isiyo mbaya huku alama yake ya wekundu ikiwa chini ya sifuri kwa mbali. Mnunuzi wa barazani alikuwa na haki.

Lililo zito kuliko yote ni sampuli ya 13. Iliwekwa kwa ajili ya ngozi ya binadamu, jambo la busara, maana uso wa mtu ndio kitu kinachotazamwa zaidi chini ya taa yoyote. Katika mfumo wa Munsell weusi ni 0 na weupe ni 10. Sampuli ya 13 imewekwa kwenye 8, nayo huelezwa kuwa ya waridi hafifu inayoelekea manjano. Ni ngozi ya Mzungu. Wajapani waliona kasoro hiyo, wakaongeza katika viwango vyao sampuli ya 15, ya ngozi ya Kiasia. Katika orodha ya CIE ya sampuli 14 haikuwamo ngozi nyeusi hata moja. Daktari aliyetafuta dalili za manjano au upungufu wa damu katika wodi za Nairobi au Kampala alifanya kazi chini ya taa ambazo ubora wake kwa ngozi ulipimwa, pale ulipopimwa, kwa ngozi ya mtu mwingine. Lugha yenyewe haikuwa maskini hivyo. Kiswahili huwa na mtu mweusi, mtu mweupe, na kati yao mtu wa maji ya kunde.

Mwaka 1967 Deane Judd alithubutu kupendekeza kielezo cha usifu, ambacho kingeipa taa alama kwa jinsi inavyovipendezesha vitu na nyuso badala ya jinsi inavyovifanya viwe kama vilivyo juani. Wazo hilo halikuchukuliwa rasmi, lakini lilionyesha kwamba uaminifu na uzuri ni mambo mawili, kama ilivyo pia katika tafsiri.

Katika mwaka 1971 Thornton nchini Marekani, na Koedam na Opstelten nchini Uholanzi, walieleza kwamba mwanga ukikusanywa katika mikanda mitatu myembamba, karibu na nanometa 450, 540 na 610, unaweza kupata alama nzuri bila ya kuijaza spektra yote. Tyubu za namna hiyo zilianza kutoka viwandani tangu mwaka 1974, nazo hupata alama zaidi ya 80. Ndipo ulipopatikana ule mwandiko wa tarakimu tatu uliochapwa penye ncha za tyubu nyingi. Katika 840, ile 8 ya kwanza inaeleza uonyeshaji wa rangi, kwamba ni wa alama za themanini na kitu, na 40 inaeleza kelvini 4,000. Katika 765 uonyeshaji ni wa sabini na kitu na kelvini ni 6,500. Maana mbili za neno nyeupe, zilizokuwa zimefungwa pamoja tangu zama za moto, zimepewa kila moja mahali pake katika mwandiko mfupi kuliko neno lenyewe.

Kadi, majani na ngozi

Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walichapisha kitabu chao kuhusu majina ya msingi ya rangi, wakitumia kadi 329 za Munsell na wazungumzaji wa lugha 20, Kiswahili kikiwa miongoni mwao. Lugha nyingi ziliwakilishwa na mzungumzaji mmoja mmoja aliyeishi katika eneo la San Francisco. Ubishi uliofuata ulihusu idadi ya wazungumzaji na maana ya neno "msingi". Mwanga haukuzungumzwa sana. Hali vipimo rasmi vya kadi za Munsell, vilivyorekebishwa mwaka 1943, ni vya mwanga mmoja uitwao C, ambao hapo awali ulitengenezwa kwa balbu ya tangsteni iliyopitishwa katika vimiminika viwili, kimoja cha shaba na kingine cha kobalti, ili ifanane na mchana. Kadi ikipelekwa chini ya tyubu ya halofosfeti, namba iliyoandikwa mgongoni mwake si ya rangi inayoonekana tena. Mtafiti anayekusanya majina ya rangi katika darasa au ofisi, akaandika umri wa mzungumzaji, mahali alipozaliwa na lugha yake ya pili, na asiandike zile tarakimu tatu za tyubu iliyo juu ya meza, amepoteza sehemu ya ushahidi wake. Kadi za mradi mkubwa ulioanzishwa mwaka 1976, uliokusanya majina kutoka lugha 110, ni za mfumo huo huo, na swali ni lile lile.

Kiswahili nacho kina mgawanyo wake. Vivumishi vitatu tu vya rangi, -eusi, -eupe na -ekundu, hupokea viambishi vya ngeli. Hivyo vitatu pia ndivyo vinavyojulikana kwa vielezi vyao vya kukazia: nyeusi ti, nyeupe pe, nyekundu ndu. Vielezi hivi ni kipimo cha ukamilifu wa rangi, na kwa upande wa taa vina ukweli zaidi kuliko tangazo la muuzaji, kwani tyubu ya 1950 ilikuwa nyeupe, lakini hakuna aliyeiita nyeupe pe baada ya kuutazama mkono wake chini yake. Majina mengine karibu yote yametokana na vitu: kijani na jani, kijivu na jivu, kahawia na kahawa, zambarau na tunda lake, damu ya mzee. Wapo waliouona utaratibu huu kuwa ni upungufu wa lugha, eti haijafikia jina dhahania. Yafaa waitazame sampuli ya 14 ya CIE. Ni rangi ya jani. Baada ya miongo kadhaa ya kuiweka lugha nje ya mlango, wapimaji walipotaka kujua kama taa ni ya kuaminika walilazimika kurudi kwenye jani na kwenye ngozi, na wakavitaja kwa majina.

Kwa istilahi, basi, "rangi ya mwanga" na "uonyeshaji rangi" yafaa yatumiwe kwa maana mbili zilizoelezwa, na yasichanganywe. "Joto la rangi" libaki katika vitabu vya fizikia pamoja na kelvini zake. Juu ya kasha, kwa msomaji wa kawaida, "mwanga wa manjano" na "mwanga wa samawati" humweleza anachonunua kuliko "joto" na "baridi".

Kielezo cha 1974 kimekwisha kukiriwa kuwa na kasoro na CIE yenyewe, iliyotangaza mwaka 2007 kwamba hakifai kwa taa nyeupe za LED. Marekani ilipata mfumo wa sampuli 99 mwaka 2015, na CIE ikatoa wake wa idadi hiyo hiyo mwaka 2017, ikieleza kwamba hauchukui mahali pa kile cha zamani katika vipimo vya biashara. Tyubu zenyewe zimo katika kuondoka. Nchi zilizotia saini Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kwamba uundaji na uuzaji wa nje wa taa hizo ndefu ukome kwa awamu, ya mwisho ikiwa mwisho wa mwaka 2027. Katika maduka ya Nairobi taa za LED zilizotengenezwa kwa umbo la mrija tayari zinachukua nafasi zake katika vishikio vile vile vya darini. Zebaki haimo ndani yake, wala halofosfeti. Juu ya kasha zake bado imechapwa 840 au 765, kwa mizani ile iliyowekewa jiwe lake na tyubu moja ya nyeupe ya joto.